Radhi kwa Digrii Tano

Mrisho Katabi alimwamkia mama yake kwa mara ya kumi, na kwa mara ya kumi mama yake hakumwitikia.

"Shikamoo, mama."

Bi Nyamizi alikuwa kwenye kiti cha katikati, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, miguu ameinyoosha mbele kama alivyozoea tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Alimtupia mwanawe jicho moja, kisha akalihamishia dirishani. Alikuwa amekwisha kufa, miezi kumi na minne sasa. Aliyekaa pale alikuwa mwangwi wake, mwanga mtupu, ukipitisha mkono hugusi kitu. Lakini jicho lile lilikuwa lake hasa, na Mrisho, mwanamume wa miaka arobaini na moja, mhandisi wa mitambo ya kuvuna umande huko Shinyanga, aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Shikamoo, mama," akasema Siwatu, dada yake mkubwa, kutoka kiti cha pembeni.

"Marahaba, Siwatu. Umekula wewe? Mbona umepungua hivyo?"

Kalunde Msabila, mshauri wa kaya, alisubiri. Miaka ishirini na miwili ya kazi ilikuwa imemfundisha kusubiri kuliko kitu kingine chochote. Kisha akauliza lile swali aliloliuliza katika vikao tisa vilivyotangulia, safari hii kwa maneno tofauti kidogo, maana kanuni zilitaka hivyo.

"Bi Nyamizi, mwanao amekuja kukuomba radhi. Unamwambia nini?"

"Nilikwisha sema," ukajibu mwangwi. "Nilisema siku niliyotolewa kule Makao ya wazee. Nyumba ninayo, binti ninaye, halafu mtu anatia dole gumba kwenye fomu huko aliko, mimi nachukuliwa kwenda kuogeshwa na watu nisiowajua. Miezi minne. Radhi yangu hana. Na kaburini kwangu nilisema asije."

"Mama, daktari aliniambia kule utapata..."

"Mwambieni asiniite mama."

Mwavita, mkewe Mrisho, aliyekuwa nyuma ya mumewe, akaweka kiganja mgongoni mwake na kukiacha hapo. Juu ya ukuta, herufi ndogo za kijani zilionyesha kwamba jibu la marehemu lilikuwa sahihi kwa asilimia tisini na saba. Kalunde alizichukia herufi zile siku hiyo kuliko siku zote, na bado ni yeye aliyemwambia Mrisho katika kikao cha kwanza, kwa sauti ya kumtuliza, kwamba Baraza halisemi uongo.

*

Mtambo uliitwa Baraza, labda kwa sababu aliyeubuni hakuwahi kukaa barazani. Kila nyumba ilikuwa na Sikio, kidude kidogo kama kizibo cha chupa kilichobandikwa darini, kinachosikiliza ugomvi, vicheko, minong'ono na ukimya. Mtu akifa, Baraza lilichukua maneno yake yote ya miaka na miaka, likayapima na kuyapanga, na baada ya siku tisa mwangwi wake ulikuwa tayari. Mwangwi haukubuni. Ulikadiria marehemu angesema nini, basi.

Ilibidi. Kaya zilikuwa zimebaki mifupa. Mtoto mmoja, wakizidi wawili. Mjomba yuko bara lingine, shangazi hakuzaliwa kabisa. Ukiitisha kikao cha familia unakuta viti vitupu vinne na watu wawili wanaotazamana kwa hasira. Ndipo sheria ikasema kiti kisikae kitupu, na waliokufa wakaanza kuitwa kazini.

Bibi yake Kalunde alikuwa msuluhishi huko Sikonge, na vifaa vyake vilikuwa mkeka na birika la kahawa. Alikuwa na mtindo mmoja uliowachekesha wajukuu. Kikao kikipamba moto, ghafla anakumbuka jambo uani. Anamwita mmoja akamshikie kuku, mwingine akamtwike maji, mwingine akamchagulie mchele. Kuku hakuna, maji yamejaa tele. Mtu anarudi kutoka uani macho mekundu, anakaa, na baada ya muda jambo linalainika lenyewe, wala hakuna anayejua limelainikia wapi.

Mama yake Kalunde alisomea. Alikuwa na cheti ukutani, boksi la leso za karatasi mezani, na swali moja alilolipenda mno: unajisikiaje? Watu wa Tabora wa enzi zile hawakuwa na jibu la swali hilo. Walisema salama tu, wakaomba kuaga. Hata hivyo yeye naye alikuwa akiwapokea mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Kalunde alirithi kazi na kunyang'anywa mlango. Washauri walikuwa wamelalamikiwa kwamba wanapendelea, kwamba wanabeba maneno ya huku na kuyapeleka kule. Idara ikatoa Kanuni ya Uwazi: neno lolote la familia lisemwe kikaoni, mbele ya wote na mbele ya Baraza, na mshauri asipokee la faragha hata moja. Kalunde alilalamika mwanzoni. Baadaye akazoea, na baadaye tena akaanza kuona raha, kwa sababu siri za watu ni mzigo na yeye alikuwa amechoka.

Kwa hiyo kikao cha kumi kilipokwisha, Mrisho na mkewe wakatoka, na Siwatu akabaki mlangoni akizungusha pete kidoleni, Kalunde alikuwa amekwisha anza kufunga kishikwambi chake.

"Bi Kalunde, nina neno."

"Sema, dada Siwatu."

"Si la mbele ya watu."

"Kanuni unaijua. Alhamisi tuna kikao, lilete huko."

"Huko siwezi."

"Basi bado halijaiva," Kalunde akasema, na akatabasamu lile tabasamu la kazini. "Likiiva utaweza."

Siwatu alimtazama kidogo, akavuta mtandio, akaondoka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mikono imekakamaa kwa miaka miwili ya kumnyanyua mgonjwa kitandani. Ni yeye aliyekwenda kumtoa mama yao katika yale Makao ya wazee, na ni yeye aliyemuuguza mpaka mwisho, peke yake. Kalunde alijua hayo yote. Yalikuwa kwenye faili.

*

Jumatano mchana Mwavita alimkuta Kalunde kwenye mgahawa ulio chini ya ofisi, mbele ya sahani ya wali maharage. Alikuwa na mtoto mgongoni. Aliamkia, akaketi, akamfungua mtoto na kumpakata.

"Sikuja kusema neno, Bi Kalunde. Sheria naijua."

"Vizuri."

"Nimekuja kupumzika tu. Huyu ni mzito."

Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi minane, mashavu mawili na jicho la udadisi. Hakuwa na jina. Kwenye kitambulisho chake paliandikwa Mtoto Mrisho. Jina alilotakiwa kupewa lilikuwa la bibi yake, na Mrisho alisema jina la mtu huliiti bila ridhaa ya mwenyewe. Wala hakuwa amemgusa. Aliamini, na alilisema wazi kikaoni bila kuona haya, kwamba mtu asiye na radhi ya mama ana kitu mikononi, na kitu hicho huhamia kwa anayemshika. Wasomi wenzake wa umande wangemcheka. Yeye hakuwaambia.

"Anamfulia nguo," Mwavita akasema, akimtazama mtoto na si Kalunde. "Anampikia uji, anaonja kama una moto. Usiku anamfunika neti kwa fimbo, akiwa amesimama mbali. Jana mtoto amedondoka kitandani, mimi niko bafuni. Yeye alikuwa hapo hapo. Aliita jina langu mpaka sauti ikakauka. Nimefika namkuta amepiga magoti, mikono ameificha kwapani, analia, na mtoto chini analia."

Kalunde aliweka kijiko.

"Ningeweza kuvumilia angekuwa hampendi," Mwavita akasema. "Nimeshapumzika. Ahsante."

Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Kalunde hakuumaliza wali. Moyo ulikuwa umemjaa hasira asiyojua aielekeze kwa nani, na iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa kwa yule marehemu, kwamba mtu anawezaje kuendelea kuadhibu akiwa amekufa. Halafu akakumbuka kwamba marehemu hafanyi chochote. Anayeadhibu ni Baraza, na funguo za Baraza zilikuwa kwenye mkoba wake.

*

Kila mwangwi una kipimo cha ulaini. Sheria inaruhusu digrii mbili, kwa hoja kwamba watu wengi hulegea kidogo wakizeeka na si haki kuwagandisha katika hasira za siku moja. Kuanzia digrii ya tatu, mtambo huacha kukadiria marehemu angesema nini na kuanza kukadiria aliye hai anahitaji kusikia nini. Sura ni ile ile, sauti ni ile ile. Kuna ufunguo wa kuvuka digrii mbili, nao ni wa kufundishia wanagenzi, ili waone kwa macho yao jambo lisilotakiwa kufanywa.

Alhamisi asubuhi Kalunde alifika saa moja kabla. Alikaa mbele ya kiti kitupu cha katikati, akajiuliza swali moja tu, na akalizungusha kila upande. Je, ni uongo, ukimpa mtu ruhusa ya kumshika mwanawe? Bibi yake hakuwa na mashine, na aliwahi kuwasemea marehemu wengi. Marehemu babenu angelitaka hivi, alikuwa akisema, na watu wakakubali. Lakini bibi yake aliwajua marehemu wale, alikula nao, na akikosea wapo walioweza kumwambia amekosea. Yeye alikuwa na nini? Alikuwa na mtoto wa miezi minane na mwanamume mwenye mikono kwapani. Alipima, mizani ikaelemea upande wao. Akaingiza ufunguo.

Digrii tatu: Bi Nyamizi alimtazama Mrisho wa majaribio, taswira tu ya mtambo, na kuguna. Digrii nne: alisema atafikiri. Digrii tano: aliitika.

Kalunde akazima zile herufi za kijani ukutani, akajiambia kwamba zinaumiza macho.

*

"Shikamoo, mama," akasema Mrisho saa nne kamili, bila tumaini lolote, kwa adabu tu.

"Marahaba, mwanangu."

Mrisho alinyanyua uso taratibu.

"Sogea nikuone," mwangwi ukasema. "Umekonda. Mwanangu, ulikosea, na mimi nilikasirika. Yamekwisha. Nimekuwia radhi kwa moyo mkunjufu. Mlee mwanao."

Mrisho alilia kilio ambacho Kalunde hakuwa amekisikia katika chumba kile, na chumba kile kilikuwa kimesikia mengi. Kilitoka tumboni. Alipiga magoti mbele ya kiti, akataka kushika miguu ya mama yake na mikono ikapita kwenye mwanga, hakujali, akaishika sakafu. Mwavita alikuwa amekwisha toka mbio, akarudi na mtoto kutoka chumba cha kusubiri, na Mrisho akainuka, akafuta viganja vyake kwenye suruali, mara mbili, mara tatu, akampokea.

Alimshika vibaya, kama watu wasiojua wanavyoshika. Mtoto akamtazama kwa makini, akamvuta mdomo.

"Nyamizi," Mrisho akasema. "Nyamizi binti Mrisho."

Kalunde alihisi machozi yakimtoka na hakuyazuia. Alijua atafukuzwa kazi, maana Baraza huandika kila digrii na ripoti huenda yenyewe mwisho wa mwezi. Na afukuzwe. Alitamani tu mtu asiseme neno, watu watoke nje na mambo yaishe hivyo.

"Mama," Siwatu akasema. Alikuwa amesimama. "Mrisho ulikuwa ukimwitaje?"

Mwangwi ukamgeukia kwa upole. "Mwanangu."

"Toka azaliwe?"

"Toka azaliwe, mwanangu."

Siwatu akageuka, hakumtazama ndugu yake, alimtazama Kalunde. "Mrisho ana jina la babu yetu, baba yake mama. Mama hakuwahi kumwita mwanangu hata siku moja. Alikuwa akimwita baba. Hata akimtukana, alimtukana na kumwita baba. Sikio limesikia hivyo miaka yote. Huyu ni nani mliyetuwekea hapa?"

Mrisho alikuwa bado ameshika mtoto. Uso wake ulibadilika polepole, ukawa wa mtu anayefanya hesabu asiyotaka jibu lake. Alikuwa mhandisi. Alitazama ukutani, mahali pa zile herufi, akaona patupu.

"Ulaini," akasema. "Upo digrii ngapi, Bi Kalunde?"

Angeweza kusema mbili. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa amekwisha danganya kwa kinywa cha marehemu, na kudanganya kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya macho yale, kulimshinda.

"Tano."

Mrisho akaitikia kwa kichwa.

"Ngoja," Siwatu akasema haraka. "Ngoja, usimrudishe mtoto. Nisikilize. Ya kweli ipo. Mama alikuwia radhi, Mrisho. Wallahi. Siku tatu kabla hajafa, nimemtoa uani kumwogesha juani, kule Sikio halifiki. Akanishika mkono. Akasema, mwambie baba nimemwia radhi, duniani na akhera. Mwambie hasira zilikuwa za kitanda. Kwa maneno hayo hayo."

Mwangwi uliendelea kutabasamu kwenye kiti chake, na Kalunde akauzima.

"Kwa nini hukuniambia?" Mrisho akauliza. Hakupandisha sauti.

"Kwa sababu miaka miwili namgeuza kitandani, namsafisha, namlisha, na mimi hakuniambia hata ahsante." Siwatu alikuwa akilia sasa, na alikuwa akijichukia, ilionekana. "Maneno yake mazuri ya mwisho yakawa yako. Wewe uliyekuja mara mbili. Nikasema basi, na ungoje kidogo. Kidogo tu. Halafu ikawa wiki, ikawa mwezi, halafu nikaona aibu. Juzi nilitaka kusema. Nilikwenda kwa huyu, nikamwambia nina neno, si la mbele ya watu."

Wote wawili wakamtazama Kalunde. Naye akajiona tena pale mlangoni, anafunga kishikwambi, anatabasamu. Dakika tano za uani zingetosha. Bibi yake angelipata neno lile kabla kahawa haijapoa.

"Ni kweli," akasema. "Alikuja. Nilimrudisha." "Mrisho, mwamini dada yako. Mimi nimekudanganya, lakini yeye anasema kweli. Hakuna mtu anayejibebesha aibu ya namna hii kwa kutunga."

"Wewe ulisema Baraza halisemi uongo," Mrisho akamjibu. "Ulisema hapa hapa. Nikaamini kikao cha kwanza mpaka cha kumi, kwamba mama hanitaki. Leo umesema ananitaka, nikaamini. Sasa unasema niamini kingine."

"Nitashika msahafu," Siwatu akasema. "Twende msikitini sasa hivi, nitaapa."

"Dada, siku ya arobaini nilikuuliza. Nilikuja mpaka kwako, nikakuuliza, mama hakuacha neno? Ukasema hakuacha."

"Nilisema uongo."

"Najua. Na leo umeniona nimeshika mtoto nalia, halafu nimegundua ni bandia, roho yangu imekwenda. Nawe unanipenda. Ni ndugu yangu. Ungeweza kuacha kunitafutia neno la kunisaidia? Humu ndani nyote mnanihurumia. Kila mmoja ana sababu nzuri ya kunidanganya. Sasa nitamjuaje asiyedanganya?"

Siwatu alikuwa na kitu cha kweli mkononi na hapakuwa na mahali pa kukiweka.

"Hasira zilikuwa za kitanda," akarudia, kwa sauti ndogo. "Alisema hivyo. Mimi ningetunga vipi neno kama hilo?"

Mrisho alimfikiria kidogo, kweli alimfikiria, na kwa muda mfupi Kalunde alidhani litaingia. Halikuingia. Alimkabidhi Mwavita mtoto kwa uangalifu mkubwa, akishika kichwa, akashika na mgongo, na alipoachia akaitazama mikono yake kwa hofu, kisha akamtazama mtoto, kama anamkagua amemwachia nini.

"Nimemshika," akamwambia mkewe. "Mungu wangu, nimemshika, na nimempa jina."

"Haina neno, Mrisho. Haina neno."

Akamshukuru Kalunde, kwa adabu ile ile aliyoingia nayo siku ya kwanza, akampa dada yake mkono, na akaelekea mlangoni, mikono ameificha kwapani. Siwatu alimwita mara moja. Hakugeuka.

Mtoto alikuwa amekwisha kuonja kubebwa na baba yake, dakika mbili au tatu hivi, na alimwona anaondoka. Akamnyooshea mikono yote miwili, akainama mbele mpaka nusura aanguke, akaanza kupiga kelele za kumwita. Mwavita akamvuta, akamgeuza uso upande wa ukutani ili asimwone akiteremka ngazi.